Siku tisa na hedifoni za plana hapa Mtwara: nilichosikia, na nilipojidanganya

#1 Kusi la Shangani (mleta mada)

Wakuu, habari za usiku.

Binamu yangu anafanya kazi ya kurekodi sauti huko Muscat. Kaja likizo, kafikia kwa shangazi hapa Shangani, na kwenye begi lake la mkononi mlikuwa na vitu viwili ambavyo mimi nilikuwa naviona kwenye video tu: Audeze LCD-X na HiFiMAN Susvara. Na ampu (kikuza sauti) ya mezani nzito kama tofali. Kesho yake akapanda gari kwenda Newala kusalimia wazee, akaniachia ufunguo wa chumba na sharti moja: "Usizishike ukiwa unakula embe."

Nimeshakaa nazo siku nne, zimebaki tano. Kipimo changu cha nyumbani ni Sundara, ya HiFiMAN hao hao, niliyoinunua kwa mtu ikiwa imetumika, kwa hiyo plana si ngeni kwangu. Ila hizi ni za daraja jingine.

Kwa wasiozijua. Hedifoni ya kawaida ndani ina spika ndogo: koili ya waya imegandishwa kwenye kikoni, umeme ukipita koili inavutana na sumaku, na kikoni kinasukumwa kuanzia pale koili ilipoganda. Plana haina koili ya namna hiyo. Ina utando mwembamba kuliko ile mifuko ya rambo ya enzi zile, juu yake zimechapwa njia za umeme zinazopita utando mzima, nao umewambwa mbele ya safu za sumaku. Umeme ukipita, utando unasogea wote kwa pamoja. Ile ya kwanza ni mtu anasukuma turubai kwa kidole. Hii ya pili ni tanga la dau limepokea kusi.

Sasa masikio.

Taarab ya zamani, ile yenye qanuni, udi na fidla kadhaa. Kwenye Sundara, fidla zinazopiga mstari mmoja nazisikia kama fidla moja nene. Kwenye Susvara ni watu. Mmoja anachelewa kidogo kila wanaporudi kwenye kiitikio, na sasa nikishamjua namsikia hadi kwenye Sundara, namsubiri kabisa. Qanuni nayo: mkwaju unaanza, unalia, unaisha, na ule unaofuata hauukanyagi. LCD-X inayapa yote hayo mwili zaidi, kama umekaa safu ya mbele karibu na mpiga ngoma, lakini fidla zinasogea nyuma kidogo.

Dansi la RTD, ile Radio Tanzania Dar es Salaam ya zamani. Hapa nilijiandaa kucheka, maana rekodi zile ni mono. Hakuna kushoto wala kulia, bendi nzima inakaa katikati ya kichwa chako kama imepanda Hiace moja. Milioni zote zile za nini? Kumbe kuna mbele na nyuma. Unajua nani kasogea kwenye maikrofoni na nani kakaa mbali. Gitaa la besi ambalo miaka yote nililisikia kama mvumo wa chini, sasa nafuata vidole. Tarumbeta zikiingia zote unasikia tepu inaelemewa, sauti inachanika kidogo kwenye kingo. Hedifoni nzuri haifichi hilo, hata ukitamani ifiche.

Ya tatu ndiyo kipimo changu cha kweli. Mwaka 2019 nilirekodi ngoma upande wa Newala, mwezi wa saba, baridi ile ya uwandani, kwa kinasa sauti cha mkononi chenye maikrofoni mbili. Vinganga, zile ngoma ndogo za mguu mmoja zinazochomekwa ardhini na kupigwa kwa fimbo, na ngoma kubwa nyuma yake. Nilisimama kama hatua sita kutoka kwa wapigaji. Rekodi haina ufundi wowote, lakini nilikuwepo. Rekodi nyingine zote nakisia tu zilivyokuwa studio. Hii naijua.

Na hapa hukumu yangu ni hii: LCD-X imeipiga Susvara. Ngoma kubwa inatoka na kifua chake, unaipata mbavuni. Susvara ni safi lakini laini mno, chai isiyo na sukari. Kama kuna mtu anataka kutoa pesa kwa ajili ya ngoma zetu, achukue LCD-X abaki na chenji.

Uzito: LCD-X gramu 612, Susvara 450, Sundara yangu 372. LCD-X baada ya saa moja shingo inaanza kukuita kwa jina.

Karibuni.

#2 Korosho Ghafi

Nipo siti ya mbele. Hiyo Susvara bei gani mkuu?

#3 Kusi la Shangani

Ilipotoka 2017 ilikuwa dola 6,000. LCD-X, toleo la 2021, ilikuwa kama 1,200.

#4 Korosho Ghafi

Dola 6,000!! Piga shilingi 2,500, ni milioni 15. Kwa korosho ya shilingi 3,000 kwa kilo hiyo ni tani tano, na hapo AMCOS, ushirika wetu wa wakulima, bado hawajakata chao. Mtu anavaa tani tano kichwani anasikiliza fidla iliyochelewa.

#5 Binti Mikindani

😂😂 Korosho Ghafi umeniua. "Mtu anavaa tani tano."

Mleta mada swali: ukichomeka hiyo Susvara kwenye simu kwa kale kawaya ka USB-C, inalia?

#6 Fundi wa Ligula

Binti, nikujibu kwa hesabu halafu nina swali kwa mleta mada.

Susvara ina omu 60 (kiasi inavyouzuia umeme), na ukiipa miliwati 1 inatoa desibeli 83. Hiyo ni chini sana. Kawaya kanakotoa volti 1 kataipa miliwati kama 17, utapata desibeli 95 kwenye kilele. Inaonekana inatosha, lakini muziki una mawimbi: sauti ya wastani inakaa chini, kilele kinaruka juu desibeli 15 au 20. Rekodi kama hiyo ya ngoma, ukitaka wastani usikike vizuri, kilele kinadai zaidi ya uwezo wa kawaya. Italia, lakini kama redio ya jirani. Ukitaka kilele cha desibeli 113 unahitaji wati nzima, na hiyo ni ampu ya mezani.

LCD-X ni omu 20 na desibeli 103 kwa miliwati 1. Hiyo kawaya kanaisukuma bila jasho.

Sasa swali, na usikasirike kaka. Ulipokuwa unahama kutoka moja kwenda nyingine, kitufe cha sauti ulikigusa vipi?

#7 Kusi la Shangani

Nilikuwa naongeza hadi panaposikika sawa. Kwa sikio.

#8 Fundi wa Ligula

Ndiyo nilichokuwa nakiogopa. Tofauti ya hizo mbili kwa wati zilezile ni desibeli 20, maana yake umeme mara 100. Halafu LCD-X kwa volti ileile inavuta mara tatu zaidi kwa sababu omu zake ni theluthi. Kitufe kikiwa palepale zinaachana karibu desibeli 25. Mkono wa binadamu hauwezi kurudisha hiyo kwa kukisia. Hata ukikosea desibeli mbili tu, ile yenye sauti kubwa utaiona ina besi na "kifua", na ile nyingine utaiita chai isiyo na sukari. Hilo ni sikio, halina uhusiano na hedifoni.

Kata duara la kadibodi ngumu, toboa katikati tundu la maikrofoni ya simu, bana sponji ya hedifoni juu yake pasivuje. Cheza mlio mmoja wa hezi 500, soma kipimo kwenye programu ya desibeli. Simu haitakupa namba ya kweli, lakini itakupa namba ileile kwa zote mbili, na hicho ndicho unachotafuta. Rudia ngoma zako.

#9 Mnazi Mmoja Lindi

Naomba kuuliza kijinga. Hii teknolojia ni ya juzi? Maana kuna mzee hapa Lindi alikuwa na hedifoni ya Yamaha ya zamani sana, bapa, anasema ilikuwa "siyo ya koili".

#10 Fundi wa Ligula

Siyo swali la kijinga. Yamaha walitoa HP-1 mwaka 1976, wakaipa jina la othodainamiki, na ni plana kabisa. Fostex nao walikuwemo miaka hiyo na hawajaacha hadi leo. Kilichobadilika ni sumaku za neodimiamu, zina nguvu kubwa kwa uzito mdogo, na utando unaoweza kutengenezwa mwembamba zaidi. Audeze walianza California mwaka 2008, na 2023 wakanunuliwa na Sony upande wa PlayStation. Kama mzee bado anayo mwambie asiitupe.

#11 Mnazi Mmoja Lindi

Aliitupa. Ilikuwa inaliwa na mende.

#12 Kusi la Shangani

Wakuu, nimerudi. Jana sikuandika kwa sababu umeme ulikatika saa moja jioni ukarudi saa nne, na uliporudi ampu ilikuwa na mvumo mnene chini ya kila kitu. Nikadhani nimeunguza mali ya watu. Jasho lililonitoka siwezi kulieleza. Kumbe ni inveta yangu ya bei rahisi, ile isiyotoa wimbi safi, nilikuwa nimeisahau kwenye laini. Nilipohamia soketi ya sebuleni mvumo ukapungua, lakini mkwaruzo mdogo ukabaki. Nikamwita kijana wa umeme wa mtaani, akafungua, akaniambia soketi zote za chumba kile hazina ethi, yaani waya wa kwenda ardhini. Waya upo ukutani ila haujaungwa popote. Nyumba ina miaka ishirini na kitu. Pasi na jokofu hazikulalamika siku zote hizo, ila hedifoni ya desibeli 103 kwa miliwati moja inasikia kila kitu. Susvara kwenye soketi ileile ilikuwa kimya, kwa sababu ni ngumu kusukuma, uchafu mdogo hauwezi kuiamsha.

Nilichosoma humu kuhusu hedifoni za gharama kwa miaka yote hakuna mtu aliyewahi kutaja ethi.

Sasa kadibodi. Nilikata boksi la biskuti mara mbili kabla halijakaa sawa. Kipimo kikatoka, nami nimeaibika: usiku ule wa hukumu LCD-X ilikuwa juu ya Susvara kwa desibeli 4. Nne, Fundi.

Nikasawazisha. Nikacheza ngoma.

Nafuta sentensi ya chai isiyo na sukari.

Zikiwa sawa, LCD-X bado ina uzito fulani kwenye ngoma kubwa, hilo sijalikana. Lakini sasa nasikia ule uzito unakaa muda mrefu kuliko inavyotakiwa. Pigo linatoka, linatanda kidogo, na pigo linalofuata la kinganga linazaliwa ndani ya mkia wa lile la kwanza. Kwenye Susvara pigo la ngoma kubwa ni vitu vitatu: kiganja kinagusa ngozi, ngozi inarudi, halafu mzinga wa mti unajibu. Vitatu hivyo vinapita haraka na vinatoweka, na hapo katikati pana hewa. Nasikia kinganga kikigonga kwenye hiyo hewa. Nilisimama hatua sita kutoka pale. Hivyo ndivyo ilivyokuwa.

Sisemi LCD-X mbaya. Kwenye dansi la RTD bado naipenda zaidi, zile rekodi zina besi nyembamba na yenyewe inazinenepesha kwa heshima. Ila nilisema mwenye ngoma achukue LCD-X, na hilo nalirudisha.

#13 Fundi wa Ligula

Heshima kwako. Wengi wangesema simu imekosea.

#14 Mgeni Njiani

Mimi nakataa kidogo. Kaka unasema ulikuwepo 2019, kwa hiyo unajua "ilivyokuwa". Kumbukumbu ya sauti ya miaka mingi iliyopita? Mimi sikumbuki sauti ya mlango wangu wa zamani. Inawezekana Susvara inakupa kitu kizuri, na kichwa chako kinasema "ndivyo ilivyokuwa" kwa sababu ni kizuri.

#15 Kusi la Shangani

Mgeni, hoja yako imenikosesha usingizi kwa kweli, na sikuwa na jibu. Basi jana nikamchukua mjomba.

Mjomba wangu kapiga ngoma tangu kijana, na kwenye ile rekodi yumo, ndiye wa ngoma kubwa. Kaja mjini kwa ajili ya macho. Sikumwambia bei, sikumwambia ipi ni ipi, nikasawazisha kwa kadibodi, nikamketisha. Nilianza na Sundara, nikaja LCD-X, nikamalizia Susvara. Ngoma ileile, dakika mbili kila moja.

Sundara: akatikisa kichwa kwa kufuata mapigo, akasema "ndiyo sisi hao."

LCD-X: akaishika kwa mikono miwili isianguke, akasema "hii nzito." Kuhusu sauti: "ngoma imekuwa kubwa kuliko yangu."

Susvara: akakaa kimya. Kama dakika moja na nusu. Halafu akanitolea macho, akauliza, "Nani aliacha moto ukafa?"

Sikuelewa. Akarudia kwa hasira kidogo, kama jambo la jana. Ngozi huwa inaotwa motoni kabla ya kupigwa ili ikaze, na usiku wa baridi inabidi irudishwe motoni kila baada ya muda. Anasema kwenye hicho kipande ngozi yake imeshaanza kulegea, na yeye alikuwa anapiga karibu na ukingo ili kuificha. Alikuwa ameshasahau. Kasikia kwenye hedifoni akakumbuka na jina la kijana aliyekuwa na kazi ya kuchochea moto, na huyo kijana leo ana watoto watatu na bado atasemwa.

Nikamrudishia LCD-X nikamuuliza kama na huku analisikia. Akasikiliza, akasema "sasa nikishajua, nasikia. Lakini hii ingenificha."

Nikarudi kwenye Sundara. Akasema hapana, hapa ngoma ni ngoma tu.

Mgeni, sijui kama hilo linakutosha. Mimi nilikuwa msikilizaji, yeye alikuwa na ngozi chini ya kiganja.

#16 Mgeni Njiani

Linanitosha. Nimekaa kimya.

#17 Korosho Ghafi

Kwa hiyo mtu katoa milioni 15 kusikia moto uliozimika Newala 2019.

Sawa. Naanza kuelewa, na hilo linanitisha.

#18 Binti Mikindani

Mimi nina swali la maisha ya kawaida. Joto. Hapa Mikindani hata kofia siwezi. Mnavaaje hayo makopo mwezi wa kumi na mbili?

#19 Kusi la Shangani

Hapo Binti umegusa penyewe. Kuna mambo ya pwani ambayo wale wa kwenye video hawayajui.

Susvara na LCD-X zote ziko wazi kwa nyuma, zina wavu, hewa inapita, kwa hiyo ni afadhali kuliko zilizofungwa. Lakini LCD-X ya binamu ina sponji za ngozi na zinakumbatia shavu. Dakika ishirini bila feni, maji yanatiririka. Ukiwasha feni, feni unaisikia, maana zimetoboka. Ukizima feni unasikia muziki na mapigo ya moyo wako. Nimeishia kusikiliza kuanzia saa tano usiku, dirisha wazi, kusi likiingia, nao mlio wake kwenye minazi unakuwa sehemu ya kila wimbo.

Ngozi bandia kwa unyevu wa hapa haina maisha. Hedifoni yangu ya kwanza kabisa, jina lake naliacha, ilianza kumenyeka mwaka wa pili, nikawa naamka na vipande vyeusi masikioni kama nimetoka kuuza mkaa. Sasa sponji za Sundara nazifuta kwa kitambaa kikavu kila nikimaliza, na sanduku nimeweka zile pakiti ndogo za kunyonya unyevu zinazokuja na viatu. Pini nazo: Shangani upepo una chumvi, pini isiyofutwa inafanya utando, upande mmoja unaanza kukatikakatika na wewe unadhani ni hedifoni.

Na uwazi wa nyuma maana yake jirani anasikiliza na wewe. Shangazi usiku wa tatu aligonga ukuta: "Huo msondo unaisha saa ngapi?"

#20 Fundi wa Ligula

Nyongeza moja, kwa vijana hasa. Plana nzuri haichaniki sauti ikipanda, kwa hiyo hupati onyo. Spika ya bei rahisi inakoroma ukizidisha, unapunguza mwenyewe. Hii inabaki safi hadi sikio lako ndilo linaloumia. Shirika la Afya Duniani linatoa kiwango cha desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Ukipanda desibeli tatu tu, muda unakatwa nusu. Mleta mada na mjomba wako mlikuwa ngapi?

#21 Kusi la Shangani

Kwa kadibodi yetu, sabini na kitu kwa wastani. Mjomba aliomba niongeze. Nikakataa, akasema watoto wa siku hizi hawana adabu.

#22 Mnazi Mmoja Lindi

Mtu wa kipato cha kawaida afanye nini? Mshahara wangu nadhani hata sponji za hiyo Susvara haununui.

#23 Kusi la Shangani

Mkuu mimi mwenyewe nabaki na Sundara yangu binamu akiondoka, na wala sijainunia. Jana usiku niliirudia makusudi. Fidla iliyochelewa bado namsikia. Moto uliozimika siusikii.

Ukianza, anza na plana iliyotumika, kwa mtu unayeweza kumshika shati, na uisikilize pande zote mbili kabla ya kutoa hela: utando ukichanika njia ya umeme, upande huo unakufa moja kwa moja, si wa kushonea na fundi redio. Halafu faili. Usipeleke kitu ulichokipakua mara nne kwenye WhatsApp ukaja kulaumu hedifoni. Na kabla ya yote hayo, mwite mtu aangalie ethi.

#24 Binti Mikindani

Hiyo rekodi ya ngoma itupie basi tusikie huo moto.

#25 Kusi la Shangani

Nitaipandisha kwa FLAC, faili isiyopunguza sauti, siyo WhatsApp. Binamu karudi jana, basi lake la Dar ni alfajiri, na sasa hivi nafunga masanduku. Kahesabu kila waya mbele yangu. Kanusa na sponji.

Rekodi naichelewesha kidogo kwa sababu mjomba kaweka masharti. Kuna mahali dakika ya nne anakohoa, halafu anafukuza watoto kwa maneno ambayo kwenye Sundara hayasikiki vizuri. Kwenye Susvara yanasikika yote. Anataka pakatwe kwanza.